Jirani Mwenye Tochi: Mshukiwa Anavyopita Katikati Yetu

Mtoto anapopotea Nyalenda au Manyatta, mjini Kisumu, msako huanza kabla polisi hawajafika. Watu hutoka na tochi za simu, mzee wa mtaa hupiga hodi mlango kwa mlango, wa bodaboda hutumwa stendi, na picha ya mtoto akiwa na sare ya shule husambazwa kwenye WhatsApp pamoja na nambari ya mamake. Kila mtu huulizwa, "Umemwona?" Hakuna anayeulizwa, "Wewe ulikuwa wapi saa kumi?", kwa kuwa hilo ni tusi kwa jirani aliyeacha ugali wake mezani ili aje kusaidia.

Mhusika hujificha katika adabu hiyo. Wasichana wawili wa miaka 10 walipotoweka Soham, Uingereza, Agosti 2002, mtunza majengo wa shule ya sekondari, Ian Huntley, ambaye ndiye aliyewaua, alijitokeza mwenyewe kueleza kwamba alizungumza nao mlangoni pake, akahojiwa hata na wanahabari. Mpenzi wake aliwaambia polisi kuwa siku hiyo walikuwa pamoja nyumbani, ilhali mpenzi huyo alikuwa mji mwingine, Grimsby. Madai ya awali dhidi ya Huntley yalikuwa yamefika kwa polisi wa eneo jingine, lakini waliomwajiri hawakuyapata. Hakuhitaji ujanja mkubwa. Ilitosha kuwa mtu anayejulikana, mwenye ufunguo na mwenye huruma usoni.

Hata hivyo, wanaotaka kila jirani ashukiwe tangu saa ya kwanza wakumbuke Kimilili, kaunti ya Bungoma. Kwa maelezo ya makachero, mvulana alipouawa huko, wakazi wenye hasira waliteketeza nyumba ya mtu waliyeamini ndiye muuaji. Baadaye Masten Wanjala, aliyekamatwa Julai 2021 na ambaye polisi walisema alikiri kuua watoto wasiopungua 10, alitaja mauaji hayo kuwa yake. Huyu naye alikuwa akijifanya kocha wa soka, na ni mzazi gani hapa kwetu humzuia mwanawe kwenda mazoezini? Oktoba mwaka huohuo alitoroka seli Nairobi na kuuawa na umati Bungoma, kesi yake ikiwa haijasikizwa. Shuku iliyomkosa mwanzoni ilimwangukia mwingine, na iliyompata mwishoni ilizima majibu ambayo familia zilikuwa zikiyasubiri mahakamani.

Kwa hiyo nakubaliana nusu na wale wanaosema tusianze na familia na majirani. Mtoto anaweza kuwa amepotelea tu katika umati wa soko la Kibuye siku ya Jumapili, na mama anayehojiwa kama mhalifu huku machozi hayajamkauka huenda akanyamaza hata kuhusu lile dogo ambalo lingesaidia. Nisichokikubali ni kwamba kuuliza na kushuku ni kitu kimoja. Anayeuliza watu wote maswali yaleyale, akayaandika papo hapo, hajamtuhumu yeyote. Ila amehifadhi kauli ya kila mmoja kabla hajapata nafasi ya kusikia za wenzake na kuirekebisha yake.

Muda ndio unaoharibika, tena kwa imani isiyo na msingi. Bado wapo wazazi wanaoambiwa wasubiri saa 24 ndipo waandikishe taarifa kituoni. Sheria ya Kenya haina sharti hilo. Saa 24 zilizo katika Kifungu cha 49 cha Katiba ni za mshukiwa: akishakamatwa, anapaswa kufikishwa mahakamani kabla hazijaisha. Mzazi anapozibeba yeye, anayefaidika ni yule anayehitaji usiku mmoja wa kuosha nguo na kupanga maneno.

Pale ambapo kituo kina gari moja lisilo na mafuta, daftari la mzee wa mtaa laweza kuziba pengo: jina, saa, mahali, nani alikuwa naye. Tahadhari yangu ni kwamba daftari hilo likabidhiwe polisi usiku uleule, wala lisisomwe barazani asubuhi, mbele ya watu waliokesha wakitafuta na ambao tayari wana kiberiti mfukoni.