Goti Likivimba Baada ya Kuhara

Kijana anahara, anapona, kisha wiki mbili baadaye goti linamvimba hadi kupanda matatu ni shida. Katika mitaa mingi ya Nairobi hukimbilia duka la dawa kuomba antibiotiki. Ana hoja: bakteria ndio walioleta balaa hili, basi wauawe.

Lakini wako wapi? Wakiwa ndani ya goti lenyewe, hasa stafilokoka, hiyo ni dharura. Siku chache tu zatosha kuharibu gegedu. Mgonjwa hulazwa, usaha ukavutwa, antibiotiki zikapitishwa mshipani, na tiba ikaendelea kwa wiki kadhaa. Hapo anayesema "ngoja kwanza" anakosea.

Mara nyingine bakteria walikuwa tumboni, kama shigela na salmonela, au katika njia ya mkojo, kama klamidia, na kinachochoma goti sasa ni kinga ya mwili. Dawa za uvimbe, kama ibuprofeni au diklofenaki, ndizo hutangulia, ingawa zikizoeleka huumiza tumbo na figo. Klamidia itibiwe kwa doksisaiklini siku 7, na mwenzi wa mgonjwa atibiwe pia, hata kama goti halitatulia kwa hilo.

Ubishi mkali ni iwapo antibiotiki husaidia maumivu yanayodumu zaidi ya miezi sita. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, kwa wagonjwa 42 wenye dalili za klamidia iliyojificha, ulichanganya rifampisini na doksisaiklini au azithromisini kwa miezi sita: asilimia 63 walipata nafuu, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Inatia moyo. Hata hivyo watu 42 ni wachache, na rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu; tena hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na baadhi ya ARV. Kwetu singeitoa kirahisi. Sulfasalazini na methotreksati, dawa za kutuliza kinga ya mwili, hudai vipimo vya damu mara kwa mara, na methotreksati ni mwiko kwa mjamzito, lakini bado ningeanza na hizo.

Kinachoniuma zaidi ni sindano ya kuvuta maji ya goti, ile inayotenganisha hali hizi mbili, kuja mwisho. Vidonge vichache vya antibiotiki vilivyomezwa kabla yake vinaweza kuwazuia bakteria kuota maabara, daktari akabaki akikisia.