Ufadhili wa ng'ambo: kwanza tuulize fedha ni za nani

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitangazwa tunaona picha zilezile. Mtahiniwa bora amebebwa juu juu, mama anapiga vigelegele, mwalimu mkuu anahesabu alama za A mbele ya kamera. Wapiga picha hawarudi Machi ya mwaka unaofuata, wachache kati ya vijana hao wanapopata barua pepe kutoka Massachusetts au Connecticut ikiwaambia kwamba wamekubaliwa chuoni na gharama yote imelipwa. Hapo mjadala wa zamani huanza upya. Kuna wanaoona mtoto ameokoka na ukoo wake pamoja naye. Kuna wanaoona nchi imemlea kijana miaka kumi na minane, ikamfundisha, ikamchuja, halafu ikamkabidhi kwa mwingine bure.

Wanaolalamika wana hesabu yao, na si ya kubeza. Mwaka mmoja katika chuo binafsi cha ngazi ya juu Marekani, ukijumlisha karo, malazi na chakula, umepita dola 80,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 10 za Kenya, na masomo ni ya miaka minne. Kwa fedha hizo, wanasema, katika vyuo vikuu vya Maseno au Moi wangesomeshwa vijana wangapi?

Hesabu yenyewe ni sahihi. Kasoro yake ni kudhani kwamba fedha hizo ziko mezani zikingoja kugawanywa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst huchagua hata mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia kama ana uwezo wa kulipa, kisha humjazia kiasi chote ambacho familia yake haikimudu. Anayelipa ni mfuko wa chuo chenyewe, uliochangiwa na wahitimu wake na kuwekezwa kwa vizazi. Kijana wa Kapsabet akikataa nafasi hiyo, hakuna hata senti itakayokuja Eldoret kununua vifaa vya maabara. Fedha zitakwenda kwa mwombaji anayefuata, pengine wa Hanoi au Lima. Kumlaumu kijana huyu kwa “kupoteza” fedha za nchi ni kumwonea.

Kwa hiyo mimi, kabla ya kusema ufadhili wa mbali ni mzuri au mbaya, huuliza fedha ni za nani. Jibu la swali hilo hugeuza karibu kila hoja inayofuata.

Tubaki kwanza na fedha za vyuo. Kuzipata si suala la akili peke yake. Kuna fomu inayoitwa CSS Profile ambayo vyuo vingi hutumia kupima uwezo wa familia, na ilitungwa kwa ajili ya watu wenye hati ya mshahara. Inauliza mapato ya mwaka, thamani ya nyumba, akiba benki. Sasa mwulize mama anayeuza sukuma wiki na nyanya sokoni Kapsowar mapato yake ya mwaka. Anajua alichouza leo. Anajua siku ya soko hupata mara mbili, mvua ikinyesha hapati kitu, na wiki ya kufungua shule hukopa kwenye chama. Kijana anakaa naye jioni na kikokotoo cha simu. Wanazidisha, wanatoa bei ya jumla na nauli ya matatu, wanageuza kilichobaki kuwa dola. Halafu ng'ombe wawili, ni mali au ni mapato? Na shamba ambalo hati yake bado ina jina la marehemu babu? Wengi huishia kuambatisha barua ya chifu na kuomba Mungu.

Ndiyo maana naiheshimu mipango midogo inayowashika vijana mkono hapo. KenSAP ilianzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, pamoja na mwandishi wa Marekani John Manners. Ilianza na vijana wa Bonde la Ufa, ikawakusanya Iten, mji wa wakimbiaji, na kuwanoa kwa SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, insha na fomu kama hiyo niliyoitaja. Wakati wa usaili waombaji walikimbizwa pia mita 1500, huenda akapatikana mmoja ambaye kocha wa chuo angemtamani. (Kwa Iten, hilo wala si jambo la kushangaza.) Baadaye ikafungua mlango kwa Kenya nzima. Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya mwaka 2002, hufanya kazi ya jamii hiyo kwa wasichana. Mipango hii haibebi karo ya mamilioni. Inamfikisha kijana kwenye fedha ambazo tayari zipo, na kwa gharama yake sijui elimu yetu ina jambo jingine linalolipa kama hilo.

Lakini bure ina gharama zake, na barua ya Machi haizitaji. Ya kwanza ni muda. Matokeo ya KCSE yanapotoka, muda wa kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa mwaka huo huwa umekwisha. Kijana husubiri mzunguko unaofuata, hivyo huondoka karibu miaka miwili baada ya kumaliza kidato cha nne. Katikati ya subira hiyo KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo vya Kenya, imeshampa nafasi, mara nyingi ile ambayo wenzake wangeilipia kwa damu, udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi. Aende au asubiri? Na akisubiri, majirani wanaanza kuuliza mbona mtoto mwenye A yuko dukani anapima sukari.

Udaktari wenyewe ni habari nyingine. Marekani hauusomi ukitoka sekondari. Ni digrii ya kwanza ya miaka minne, kisha shule ya udaktari ya miaka minne mingine, ambako ufadhili kwa wageni ni haba na shule nyingi hata haziwapokei. Kijana aliyeondoka akisema atarudi kuwa daktari wa watoto Lodwar anajikuta mwaka wa nne akiwa mtaalamu wa kompyuta au mchumi. Si dhambi. Ila tukihesabu faida ya ufadhili huu, daktari huyo asiyepatikana naye ahesabiwe.

Kisha kuna uzito wa nyumbani. Kabla ya kuondoka ni ada ya viza dola 185, ada ya SEVIS, yaani ya usajili wa wanafunzi wa kigeni, dola 350, na tiketi ya ndege ambayo baadhi ya vyuo havilipii, kwa hiyo harambee inaitishwa. Waliochanga hawasahau. Kule, sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anapanga vitabu maktaba au anaosha vyombo kwenye bwalo, na sehemu ya ujira inatumwa kwa M-Pesa kumlipia mdogo wake karo ya sekondari. Picha yake akiwa kwenye theluji imefika kijijini na inasomwa kama picha ya utajiri. Mabweni yakifungwa Krismasi, wenzake wakaenda kwao, yeye anatafuta wa kumpokea. Hayo yote yanavumilika, na wengi wanayavumilia vizuri. Afadhali tu yasemwe mapema na mtu mzima anayeyajua.

Fedha zikiwa za wakfu au za serikali, hesabu ile ya mwanzo inapata nguvu, kwa sababu mtoaji ana hiari ya kuchagua zitumike wapi. Mastercard Foundation ilipozindua mpango wake wa Scholars mwaka 2012 kwa dola milioni 500, washirika wa mwanzo walikuwa pamoja na Stanford na Arizona State upande mmoja, Ashesi ya Ghana upande wa pili. Baadaye ikaegemea zaidi vyuo vya Afrika, kama Makerere ya Kampala, na naona ilifanya vyema. Gharama ya mmoja Stanford inasomesha wengi Kampala, na fedha zikiingia chuo cha hapa zinabaki kwenye chuo, kwa wahadhiri na maktaba, hata baada ya mwanafunzi kuhitimu. Tena kwa msichana wa Lodwar, Kampala ni mbali vya kutosha.

Wanaopinga wana jibu, na lina uzito: mzazi haamini kwamba chuo cha hapa kitakuwa wazi. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma Kenya ulioanza Septemba 2025 ulizima madarasa hadi Novemba. Ukimwambia mzazi aliyeona hayo kwamba mtoto abaki kwa faida ya taifa, atakuuliza taifa limebaki wapi.

Watetezi wa kwenda mbali hupenda sana kumtaja Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyepanga safari za wanafunzi kwenda kusoma Marekani, na wana haki. Septemba 1959 wanafunzi 81 waliruka kwa ndege ya kukodi hadi New York, na kufikia 1963 mpango huo ulikuwa umewavusha karibu 800 kutoka Kenya na nchi jirani. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walisaidia kuomba michango. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikwenda mwaka huo, akasomea Atchison, Kansas, akarudi mwaka 1966, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu Nairobi. Ni hadithi inayoinua moyo. Ila huwa inasimuliwa bila mazingira yake. Wakati ule Makerere ndiyo iliyokuwa tegemeo la digrii katika Afrika Mashariki nzima, na nafasi zake zilikuwa chache mno. Kwenda mbali ilikuwa karibu njia pekee. Na waliorudi walikuta uhuru umefika, Waingereza wanaondoka, viti vya wizara na vyuo vinatafuta wa kuvikalia.

Leo viti hivyo viko wapi? Machi 2024 madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na chanzo kikubwa kilikuwa madaktari wanagenzi, vijana waliosomea hapahapa, ambao serikali ilichelewa kuwapangia vituo na ikataka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 zilizokuwa zimekubaliwa. Nchi iliyoshindwa kumpokea daktari aliye mlangoni haiwezi kumnung'unikia aliye Boston kwa kutorudi. Ndiyo sababu sina imani na masharti ya kumlazimisha mfadhiliwa arejee. Yanafanya kazi pale tu kazi inapomngoja.

Upande wa pili huleta hoja ya fedha zinazotumwa nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9, kuliko tunachopata kwa chai. Naikubali hoja, kwa tahadhari. Fedha hizo zinatumwa pia na wauguzi, walezi wa wazee na madereva wa malori, wala si wahitimu wa Yale peke yao, na haziwezi kufundisha fizikia Moyale.

Imebaki aina ya tatu ya fedha, na hapa sina cha kupima pande mbili. Ni fedha za mzazi mwenyewe zilizovishwa joho la ufadhili. Tangu mwaka 2017 vyuo vya Finland hutoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Kaunti ya Uasin Gishu ilikuwa na mpango wa kupeleka vijana Finland na Canada, na magazeti yaliuita ufadhili, ilhali wazazi ndio waliolipa, wengine kwa kuuza mashamba na mifugo, kupitia akaunti ya mpango. Kufikia 2023 kuna vijana ambao hawakuwa wamesafiri, na waliosafiri walikuwa wakiambiwa na vyuo kwamba karo haijafika. Wazazi waliandamana Eldoret. Maafisa wa zamani wa kaunti walifikishwa mahakamani, wakakana mashtaka. Mfadhili wa kweli hamwombi mzazi mamia ya maelfu ya shilingi kabla mtoto hajaona darasa. Akiomba, hiyo ni biashara, na ipimwe kama biashara: risiti, mkataba, na swali kwa chuo chenyewe kama fedha imefika.

Juu ya yote hayo sasa kuna siasa za wenyeji. Mei 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kuiondolea Harvard idhini ya kupokea wanafunzi wa kigeni, mahakama ikazuia. Siku chache baadaye balozi zake duniani zilisimamisha kupanga usaili mpya wa viza za wanafunzi, zikaanza tena baada ya wiki kama tatu, huku vijana wenye barua mkononi wakitakiwa kuwa chuoni Agosti. Juni mwaka huohuo viza za masomo kwa raia wa Burundi zikasimamishwa. Chuo chenye mabilioni benki hakina uwezo wa kugonga muhuri kwenye pasipoti.

Kwa hiyo mtahiniwa wa mwaka huu akiniuliza, nitamwambia aombe, tena vyuo vyenye fedha zao wenyewe kwanza. Ila nafasi ya KUCCPS asiitupe kwa ndoto ya Machi ya mwaka ujao. Ajisajili, aulize chuo taratibu za kuahirisha masomo, na barua ya kuacha nafasi aiandike viza ikiwa imeshabandikwa.