Kusaini karatasi sio mafunzo jamani

Ajali ikitokea saiti ya ujenzi utasikia tu "uzembe wa mfanyakazi", faili linafungwa, kazi zinaendelea. Mi hili neno uzembe limeshanichosha. Huyo mnayemwita mzembe kaanza kazi jana, kapewa helmeti, kasaini karatasi ambayo hata hajaisoma, nusu saa baadae yuko ndani ya mtaro wa mita 2 kuta zake hazijazuiwa na chochote, na hakuna aliyemwambia kwamba udongo wa mita 1 ya ujazo tu unafika kama tani moja na nusu, ukikushukia kifuani hata kupiga kelele hupati. Yeye anaona ukuta umesimama wima vizuri, aogope nini?

Kuna mwanasaikolojia Mwingereza, James Reason, alishayatenganisha haya mambo tangu 1990. Kuna kupitiwa, kuna kukosea kwa sababu ulichokuwa unakijua ndo sicho, na kuna kukiuka utaratibu huku unajua. Mafunzo yanasaidia sana hilo la katikati. La kwanza sidhani, fundi wa miaka 20 naye anapitiwa, jioni kachoka anasahau kuupima waya, anaushika, kumbe kuna mtu kauwasha umeme, hapo dawa ni kufuli kwenye swichi na ufunguo akae nao mfukoni, sio semina nyingine. Na la tatu ukifuatilia vizuri mara nyingi unakuta foremani ndo kasema zege liishe leo leo, mambo ya mikanda ya usalama yanachelewesha. Huyo ndo aanze kupelekwa darasani! Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1988 unasema mfanyakazi wa ujenzi ana haki ya kujiondoa kwenye hatari, sasa niambieni saidia fundi wa siku ya pili nani kamfundisha kusema "hapo siingii"?

Halafu watu wafundishwe palepale wanapofanyia kazi. Ngazi ya kuegemeza, kila mita 4 za kwenda juu mguu wake unakaa mita 1 kutoka ukutani, lisemee darasani uone kama kuna atakayelikumbuka kesho. Mpe ngazi aisimamishe mwenyewe, akosee, umrekebishe, arudie.

Naongea hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimeshafanya kazi juu na mkanda wa usalama siku kadhaa, kulabu nimeifunga kwenye bomba moja hivi, najiona niko salama kabisa, mpaka mzee mmoja fundi wa nondo akaja akalitikisa lile bomba kwa mkono mmoja likachomoka. Hakunigombeza wala nini. Akaniambia kijana, zunguka humu ghorofani unionyeshe sehemu 3 zinazoweza kumzuia mtu anayeanguka.

Nilipata moja. Na karatasi ya mafunzo nilikuwa nimeshasaini tangu Jumatatu.