Mzigo Una Satelaiti, Dereva Hana Hata Choo

Shemeji yangu ametozwa faini kwa kosa la kulala. Sitanii. Alipakia Mombasa mzigo wa Kigali, akavuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda jioni, akamaliza daraja la Jinja usiku wa manane macho yanajifunga yenyewe. Msitu wa Mabira mbele yake, giza totoro. Akaona heri asimame. Akaweka trela ukingoni mwa lami, akapanga matawi ya miti nyuma kama tunavyofanya sote, akalala. Alfajiri kioo kikagongwa.

"Afande, usingizi ulinizidi."

"Barabara si kitanda chako."

Kweli kabisa, afande. Basi tuonyeshe kitanda kilipo.

Mimi nimekuwa tanboi, yaani utingo wa lori, kwenye njia hiyo kabla mgongo haujanistaafisha, kwa hiyo nauliza nikijua. Ukipaki kwenye kituo cha mafuta, mlinzi anataka chai yake, na anayekuja usiku kukunyonya dizeli humkuta huyo huyo mlinzi amesinzia kwa wakati unaofaa. Ukipaki Naluwerere, kituo cha malori njiani, chapati zipo, muziki upo hadi asubuhi, choo ni nyuma ya tairi. Mwaka 2009 nililala pale chini ya trela, nimefunga kamba kutoka kwenye mfuniko wa tangi hadi kidole gumba cha mguu. Nilijiona mjanja kweli. Kulipokucha kamba ilikuwa imefungwa kwenye nati ya gurudumu, fundo safi la baharia, na tangi likilia debe tupu. Tajiri alikata mshahara wangu na wa dereva. Yule mwizi sijamsamehe, ila fundo lake nalisifu mpaka leo.

Linalonichoma zaidi ni ile sili ya kielektroniki inayofungwa kwenye kontena. Mzigo wa transiti, unaopita nchi moja kwenda nyingine, unafuatiliwa kwa satelaiti kutoka bandarini hadi mwisho wa safari. Ukiacha njia uliyopangiwa, au ukisimama mahali wasipopaelewa, tahadhari inawaka kwenye skrini ya watu wa ushuru. Kwa hiyo shemeji hawezi hata kukata kona akapaki uani kwa mjomba wake, kilomita 3 tu kutoka lami. Njiani asitoke, njiani asilale. Kontena la vigae vya bafu lina macho angani usiku kucha. Aliyelibeba anajisaidia kichakani huku ameshika tochi kwa meno.

Na msiniambie ardhi hakuna. Ardhi ya mizani ilipatikana Magamaga, ikapatikana Lukaya. Kupima uzito wa ekseli, serikali ilijipanga. Uwanja wa lori 50, ukuta, taa, bomba la maji na choo chenye komeo, hapo ndipo tunaambiwa tusubiri. Mikutano ya Ushoroba wa Kaskazini, yaani hii njia ya mizigo kutoka Mombasa hadi nchi za bara, imezungumzia vituo vya kando ya barabara miaka nenda rudi, hotelini, kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na maegesho yenye geti.

Ulaya sheria inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na maegesho yao yamepewa madaraja: shaba, fedha, dhahabu, platini. Sisi tupeni daraja la bati. Tutashukuru.

Haya, nakubali, na nakubali shingo upande: wapo madereva wanaouza dizeli wenyewe halafu wanalia wameibiwa. Na trela lililosimama gizani bila kiakisi limeua watu wengi, wakiwemo majirani zangu wawili waliokuwa kwenye boda. Sitetei hilo hata kidogo. Ndiyo sababu nataka uwanja.

Kampala hutukumbuka kwa nadra. Januari 2022, foleni ya vipimo vya korona pale Malaba iliporudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya, madereva walilala barabarani siku kadhaa, kimya. Pampu za mafuta zilipoanza kukauka mjini, ghafla kila mtu akajua Malaba iko wapi, na vipimo vikafanywa bure.

Shemeji alilipa faini, akaendelea. Jana usiku alinipigia kutoka Lyantonde, anauliza kama namjua mtu yeyote mwenye yadi karibu na barabara. Nikamwambia namjua mmoja, lakini geti lake ni dogo, trela haliingii.