Kamera kubwa getini: bustani ni ya nani, picha ni ya nani?

Jumamosi moja saa kumi na nusu jioni, pale Shanty Town mjini Moshi, nilisimamishwa kwenye geti la hoteli, maharusi wakiwa nyuma yangu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa imefunguka yote. Anayeijua Moshi anajua kwamba mlima ukifunguka jioni huna muda wa kupoteza. Mlinzi akalitazama begi langu akasema, "Kaka, kamera kubwa hairuhusiwi bila kibali." Ndani, kando ya bwawa, wageni walikuwa wanapigana picha kwa simu. Siku tatu kabla nilikuwa nimeongea na dada wa mapokezi, akaniambia tuje tu. Siku hiyo hakuwa zamu. Meneja alipopatikana alitaja bei ambayo haikuwa imeandikwa popote, na mlima ulikuwa umeshajifunika.

Nilikasirika sana. Lakini nilipotulia niliona kwamba meneja yule alikuwa na haki kuliko tunavyopenda kukiri sisi wapiga picha.

Hoja zetu ni zilezile, Moshi na Arusha: tumenunua soda, tena picha zikisambaa hoteli inapata tangazo la bure. Ya tangazo ina uzito kidogo. Ya soda haina. Aliyelipia soda amelipia soda na kiti cha kuinywea. Bustani ni mali ya mtu, na haki ya mtu kwa mali yake imo kwenye Katiba, ibara ya 24.

Tena tuseme kweli tunayoyafanya humo ndani. Wasimamizi na ndugu wanakanyaga majani yaliyomwagiliwa asubuhi, viatu vya kisigino vinatoboa udongo, stendi za taa zinaziba njia, matarumbeta yanalia nje ya geti. Chumba cha juu kuna mgeni aliyeshuka mlimani siku hiyohiyo, anatafuta usingizi alioulipia. Mwingine anakunywa chai, na sura yake imeingia kwenye picha zetu bila kuulizwa. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi, na mgeni huyo akilalamika, wa kwanza kumfuata ni mwenye hoteli.

Penye uzito zaidi ni biashara. Picha ya harusi inakwenda kwenye albamu ya sebuleni. Picha ya gari linalouzwa, limeegeshwa mbele ya baraza ya hoteli, inamwambia mtazamaji kwamba hoteli na muuza magari ni kitu kimoja. Ndiyo maana kampuni kubwa za kuuza picha, kama Getty Images, hudai karatasi yenye saini ya mwenye eneo pale jengo binafsi linapotambulika kwenye picha ya matangazo. Kinachopaswa kuulizwa getini, basi, ni picha inakwenda kufanya nini. Mlinzi anayepima ukubwa wa lenzi anamzuia bwana harusi na kumpitisha mwenye duka la nguo aliyekuja na mwanamitindo na simu moja mfukoni.

Hapo ndipo wenye maeneo nao wanapokosea. Bei inakaa mdomoni mwa meneja. Ukitaka kupiga filamu ya biashara ndani ya hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kuna kibali na kuna ada, unavijua kabla hujafunga safari na unaviweka kwenye hesabu ya mteja. Bustani za mjini zingebandika bei mapokezi na kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ugomvi mwingi ungeisha.

Kibaya kuliko bei ni mlinzi kumnyang'anya mtu kamera na kumlazimisha afute. Mwenye eneo anaweza kukuambia utoke, na unatoka. Lakini kamera ni mali yako, na picha ni kazi yako inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Ruhusa ya kuingia ni jambo moja, umiliki wa picha ni jingine.

Siku hizi natembea na karatasi ya mistari michache: tarehe na saa, idadi ya watu, sehemu tutakazosimama, picha zinakokwenda, malipo. Anasaini meneja, si mtu wa mapokezi. Nikiwa na haraka, ujumbe wake wa WhatsApp unatosha.

Kuna mstari mmoja niliusahau kwa miaka. Nikimaliza harusi huwa nachagua picha mbili nzuri naziweka kwenye ukurasa wangu wa Instagram ili nipate wateja wengine. Maharusi nawaomba ruhusa. Mwenye bustani nilikuwa simwambii, wakati majani yake na maua yake ndiyo yanayonitangaza. Nimeuongeza mstari huo wa kumwomba ruhusa. Mara ya kwanza kuutumia, meneja mmoja wa Arusha aliisoma karatasi mpaka mwisho, akakubali yote, ule akaukata kwa kalamu. Sikuwa na la kumjibu.