Upweke wa mjini una bei

Naishi Kisenyi, Kampala, kwenye safu ya vyumba vya kupanga ambavyo Waganda huviita mizigo. Sisi tuliokulia Kiswahili hucheka tukisikia hivyo, maana kwetu mzigo ni furushi, na ukubwa wa baadhi ya vyumba hivi hauko mbali na furushi. Ukuta wa katikati haufiki kwenye mabati. Jirani akikoroga chai, kijiko nakisikia. Redio anayoipenda naijua, saa ya kurudi kwake naijua, hata kikohozi chake nakitambua. Jina lake nililijua siku alipohama.

Kwa hiyo mtu akiniambia upweke ni ugonjwa wa Wazungu, namkaribisha alale kwangu usiku mmoja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Lakini ukigawa kwa kipato, mambo yanageuka: katika nchi maskini, kundi ambalo Uganda imo, ni karibu asilimia 24, na katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Tunaojisifu kwa undugu ndio tunaoongoza.

Wazee wetu wana jibu tayari: mji umewaharibu, na simu imemalizia. Rudini kwa watu. Hoja yao si ya kubeza. Kijijini ukifiwa, moto unawashwa uani na watu wanalala hapo hadi mazishi yaishe, bila kuuliza wewe ni wa kanisa gani au msikiti gani. Hapa mjini, ukiugua siku tatu ndani ya muzigo, wa kwanza kugonga mlango anaweza kuwa mwenye nyumba, naye amefuata kodi.

Vijana nao wanajibu kwamba huo undugu wanaujua, na ndio walioukimbia. Muulize binti aliyefika miaka thelathini bila ndoa, au aliyerudi kutoka kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, Uarabuni mikono mitupu, jinsi anavyopokewa kijijini. Kila salamu ina swali ndani yake. Kwa mtu kama huyo, mlango wa kufunga na ufunguo wake mwenyewe ni pumziko. Nao wana haki. Kukaa peke yako ni jambo moja, kuwa mpweke ni jingine, na wengi wamekuwa wapweke mezani pa mama zao.

Mimi nadhani pande zote mbili zimesahau mfuko. Hapa kwetu kuwa na watu kuna gharama. Rafiki akitaka kuoa, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi, vikao vya kila wiki vinaanza, na orodha ya ahadi inabandikwa kila jioni: jina, ulichoahidi, ulicholeta. Katika kundi moja la mwaka jana, mwenzetu mmoja alikaa na sifuri mbele ya jina lake kwa majuma matano. Hakuna aliyemtukana. Usiku mmoja akatoka kwenye kundi kimya kimya. Tukaendelea na bajeti ya keki. Baada ya hapo hata njiani akawa anakata kona, na sisi tukasema amebadilika, ana maringo.

Sidhani ni maringo. Ni aibu, na aibu ndiyo inayowatenga watu wetu wengi kuliko simu. Mtu hana kazi, hana cha kuchanga, basi anajiondoa kabla hajaondolewa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila hawakutuambia uchi huo uonyeshwe wapi wakati kila kikao kina daftari la michango.

Jibu moja limewahi kujaribiwa hapa hapa Uganda, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, eneo lililoumizwa sana na UKIMWI. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Watu wenye dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, walikutanishwa katika vikundi vidogo, wanawake kwao na wanaume kwao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliofundishwa. Sonona ilipungua sana kuliko kwa wale ambao hawakuwa na vikundi. Najua sonona si upweke, ingawa mara nyingi hutembea pamoja, na aliyefikia kutotaka kuishi asingoje kikundi, aende hospitali ya afya ya akili ya Butabika hapa Kampala, au kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa iliyo karibu. Kinachonivutia ni jinsi mambo yalivyopangwa: watu wachache, siku inayojulikana, na shida yako ndiyo iliyokupa kiti.

Ndiyo maana ushauri wa "toka, ujichanganye" siupendi. Kutoka kwenda wapi, na nauli ya nani?

Yule aliyetoka kwenye kundi nilimtafuta, ikanichukua miezi. Sasa Jumapili asubuhi tunakaa kwenye kibanda cha mama mmoja wa Kikongo, na kila mtu analipa chai yake. Juzi aliniambia ana deni la kodi ya miezi miwili. Sikuwa na cha kumpa, nikamwambia hivyo. Akacheka, akasogeza kiti kivulini, akaendelea kunieleza.