Presha tu, jamani, nywila ya nini?

Hivi aliyeunda hizi mashine za presha ana mama kweli? Mamangu, mzee wa Kibokoni, ataka kujua presha yake tu. Lakini mashine haionyeshi kitu mpaka iunganishwe na simu, programu ifunguliwe, iandikwe nywila yenye herufi kubwa, ndogo, namba na alama. Halafu namba ya kuthibitisha yaja kwa SMS, na muda wake waisha yeye bado anatafuta miwani. Alama ya kidole ndiyo usiseme: uzeeni mistari hufifia, tena kwa mtu aliyekuna nazi maisha yake yote! Simu yamkataa.

Basi nywila imeandikwa kwa kalamu nyuma ya mashine, kila ajaye kumjulia hali aisoma. Huo ndio usalama? Na mtu hutakiwa atulie dakika 5 kabla ya kupimwa. Huyu keshapandishwa presha na mashine yenyewe.

Wekeni tarakimu kubwa kiooni, ipime bila simu. Rekodi za kumpa daktari azitume mjukuu kwa akaunti yake, nyanyake akimruhusu. Sheria ya kulinda data Kenya tunayo tangu 2019, na habari za afya ni data nyeti. Sasa mbona programu yaomba namba zote za watu alizohifadhi simuni? Presha na muuza samaki wapi na wapi?